Re: Kwa nini reli ya Tadami haikufutwa?
Mkuu, umeuliza kwa nini Wajapani walihangaika kufufua reli ya Tadami wakati abiria wenyewe ni wa kuhesabu. Kibiashara kweli hailipi. Mvua za Julai 2011 zilisomba madaraja, na kampuni ya reli ya JR East ilipendekeza mabasi badala ya treni. Mkoa wa Fukushima ukagoma, ukachukua umiliki wa njia na madaraja kwa kilomita 27.6 kati ya Aizu-Kawaguchi na Tadami. JR kazi yao kuendesha treni tu. Huduma ikarudi Oktoba 1, 2022.

Halafu theluji: barabara ya kuvukia mkoa jirani wa Niigata hufungwa msimu wa baridi, treni inapita handakini. Na watalii je? Pale Mishima, mji ulio kwenye njia hiyo, wanajazana kilimani na kamera, wakisubiri mabehewa mawili yavuke mto.