Maswali yenu: Nikitoka mkutanoni hata dhikri hainiingii

SWALI: Shikamoo mama. Mi ni kijana wa miaka 32, niko Bagamoyo, nina duka dogo la spea za pikipiki. Huu mwaka wa 3 nahudhuria dhikri, kule kumtaja Mungu kwa pamoja na ndugu wa tarika yetu ya Kiislamu, kila Alhamisi usiku na imenibadilisha kweli, nilikuwa mtu wa hasira sana, mke wangu ni shahidi. Sasa mtaani kwetu kuna kioski cha maji, ndoo shilingi 50, hela zinakusanywa kila siku lakini pampu ikiharibika tunaambiwa hamna kitu, tunachangishwa upya. Nikasimama kwenye mkutano nikaomba daftari lisomwe. Tangu siku hiyo wazee wananiambia nichukue fomu ya uenyekiti wa mtaa uchaguzi ukija. Shida ni kwamba kila nikitoka kwenye hiyo mikutano moyo unachemka, nikikaa kwenye dhikri maneno yanatoka mdomoni tu, ndani hamna kitu, nabishana na watu kichwani. Ndugu zangu wa tarika wananiambia siasa mchezo mchafu, roho yako imeshaoshwa usiirudishe matopeni. Niache au niendelee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara 3 na kila mara nilikwama palepale, kwenye hilo la moyo kuchemka, kwa hiyo naanzia hapo.

Hela ya ndoo za kina mama inaliwa alafu wewe utoke mkutanoni umetulia kama maji ya mtungini? Hapo ndo ningekuogopa. Roho ikiamka inaona, na ikiona inauma, sasa usidhani kuumia ni uchafu. Ila ile hasira yako ya zamani na hii ya sasa ni vitu 2. Ile ilikuwa ya kwako, umekanyagwa, jina lako limeguswa. Hii ni ya watu. Lakini iangalie vizuri maana hii ya pili ina tabia ya kugeuka ile ya kwanza usiku usiku bila kukuaga, ukiona unabishana kichwani na yule mweka hazina, na kwenye hayo mabishano wewe ndo unashinda kila mara na watu wanakupigia makofi, basi ujue hapo haya mambo hayahusu tena maji, yanakuhusu wewe. Na hicho kitu, mwanangu, bila hizo Alhamisi zako usingekigundua. Zamani ungechemka tu ukampiga mtu ngumi.

Kuhusu siasa mchezo mchafu, ndugu zako nawaheshimu lakini hapo Bagamoyo kwenu wana historia inayowajibu. Sheikh Ramiya bila shaka unamjua kuliko mimi. Aliletwa kutoka Kongo akiwa mtoto, mtumwa, akakulia kwenye nyumba ya tajiri wa ukoo wa Lamki, akasoma mpaka akawa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, huyo huyo ambaye maulidi yake yalikuwa yanajaza mji. Na Waingereza walipoingia akakubali kuwa liwali, kazi ya serikali, kuamua kesi za watu, kusikiliza migogoro ya mashamba na ndoa, mpaka uzee wake, alifariki 1931. Mwanawe Sheikh Muhammad alirithi uongozi wa tarika, na zilipokuja harakati za uhuru akawa upande wa TANU. Kwa hiyo hao hawakuona kwamba uradi, yaani dhikri na dua za kila siku, na mambo ya mji ni nyumba 2 zisizo na mlango wa katikati.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba mtu wa sala akiingia kwenye uongozi mambo yananyooka yenyewe. Mi ni Mkatoliki, na Mwalimu Nyerere kwetu anaitwa Mtumishi wa Mungu, mchakato wake wa kutangazwa mwenye heri ulianzia Jimbo la Musoma 2005, na ni kweli alikuwa mtu wa misa karibu kila siku. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa aliwafukuza karibu 400, na hapohapo akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20, maana walikuwa wamelalamikia mishahara ya wakubwa na hilo likamchoma. Yaani aliwakasirikia na bado akasikia neno lao. Lakini mtu huyohuyo na misa zake hizohizo, serikali ya chama chake ilipitisha mwaka 1962 sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na Novemba 1973 akatangaza kuhamia vijijini ni amri, ikafika mahali watu wanapakiwa kwenye malori na nyumba zao zinachomwa ili wasirudi. Misa ya asubuhi haikuzuia hilo. Naandika kwa uchungu maana nampenda sana yule mzee, lakini ukweli ni kwamba mtu anaweza kupiga magoti kwa moyo safi kabisa asubuhi alafu mchana akaumiza watu kwa sababu ana uhakika mno na wema wake.

Kinachofanya niendelee kumheshimu ni kitu kingine. Serikali za wilaya zilifutwa 1972, vyama vya ushirika vikafuata 1976, na mwaka 1984 akiwa bado rais alisema waziwazi kwamba kama angeanza upya asingefuta hivyo vitu. Sasa angalia, hicho kiti unachoambiwa ukagombee kiko kwenye hizo hizo serikali za mitaa zilizofutwa zikaja kurudishwa. Mi hapo ndo napima roho ya mwanasiasa. Anaomba saa ngapi na anafunga siku ngapi sijali sana, najali kama anaweza kusema jamani hapa nilikosea wakati bado ana madaraka ya kukaa kimya.

Kuna mfano mwingine wa mbali kidogo lakini huwa naurudia sana moyoni. Gandhi, mwaka 1922, India nzima iko nyuma yake, watu wanasusia mahakama, shule na bidhaa za Waingereza, karibu wote wanaona uhuru huo unakuja. Tarehe 4 Februari, kwenye kimji kinaitwa Chauri Chaura, polisi wakafyatulia risasi waandamanaji, waandamanaji wakawafuata mpaka kituoni wakakichoma moto, polisi 22 wakafia pale. Gandhi hakuwepo hata karibu. Angeweza kusema polisi ndo walianza, na asingekuwa muongo. Badala yake akasimamisha harakati nchi nzima na akafunga siku 5, maana aliona watu aliowaita barabarani hawakuwa wameandaliwa ndani na yeye ndo aliwaita. Wenzake walikasirika, Nehru alikuwa jela na hakuelewa kabisa kwa nini kosa la kijiji kimoja lisimamishe taifa. Mpaka leo watu wanabishana kama alipatia. Mi mwenyewe kuna siku naona alikosea, lakini sijawahi kuona kiongozi mwingine aliyeacha ushindi aliokuwa karibu kuushika kwa sababu dhamiri imemkataza, na hiyo ndo siasa inayotoka ndani kweli, inakugharimu wewe kwanza.

Sasa nirudi kwenye kioski chako. Ongea na mkeo kwanza, yeye ndo aliishi na ile hasira ya zamani na yeye ndo atakuwa wa kwanza kuona ikirudi. Akikubali, chukua fomu. Ukiombwa useme kwa nini unagombea, sema daftari la maji, basi. Usiseme hata siku moja kwamba Mungu kakutuma, wala usiwaombe ndugu wa tarika wakunadi kwenye halaka, yaani duara la dhikri, wale ni wa Alhamisi, na kuna jirani zako hawaswali kabisa na maji wanakunywa. Mkutano ukiangukia Alhamisi usiku, mkutano ndo usogezwe. Alafu tafuta mtu mmoja asiyekuogopa, ikiwezekana ambaye hata dini mmetofautiana, umwambie kabisa kwamba kazi yake ni kukwambia ukianza kuvimba.

Marehemu mama yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi cha kina mama kanisani. Daftari lake lilikuwa la shule, lile la kurasa 48 lenye tebo ya kuzidisha nyuma, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alisimama chini ya mwembe akalisoma lote, mpaka kiberiti cha shilingi 20. Sisi watoto tulikuwa tunaona aibu. Akimaliza alilipitisha mkono kwa mkono, hata wasiojua kusoma walilishika, wakaligeuzageuza, wakampa mwenzao. Ukipata hicho kiti fanya hivyo na la maji, mwezi wa kwanza tu, kabla hujaulizwa.

Na dhikri ikiwa kavu, kaa tu. Usitoke.

SWALI: Habari ya huko mama. Sisi kwaya yetu huku Nakuru tulinunuliwa kinanda na mheshimiwa mmoja, sasa kila akija anataka tuimbe jina lake kabla ya ibada na mchungaji ananyamaza. Tukimrudishia itaonekana tumeingia siasa?

JIBU: Njema mwanangu. Siasa mmeshaingia, mliingia siku mliyoanza kuimba jina lake, kurudisha ndo kutoka. Na hamtakuwa wa kwanza huko kwenu. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alisema kule Butere kwamba wanasiasa wakaribie kanisani kama waumini wengine lakini mimbari si yao, mbele ya wakubwa wenyewe wamekaa. Na Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa mamilioni ambayo rais mwenyewe alikuwa ametoa siku moja kabla katika kanisa la Soweto, Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema zirudishwe. Kama rais alirudishiwa, sembuse mheshimiwa wenu.

Msimrudishie kwa kumuaibisha lakini. Nendeni watu 3, na mchungaji awepo, mumshukuru, mumwambie anakaribishwa kukaa kwenye benchi na kuimba na ninyi, jina lake ndo halitaimbwa tena. Akisema bakini na kinanda hata hivyo, bakini nacho. Akikitaka, mpelekeeni kikiwa kimefutwa vumbi na waya wake wote, na Jumapili hiyo pigeni ngoma na makofi.