Tharia Topan afundishwe pamoja na daftari lake la madeni

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza ni tajiri yupi wa zamani wa Zanzibar anayestahili kufundishwa katika skuli zetu. Mimi namtaja Sir Tharia Topan, ambaye wengine huandika jina lake Taria. Lakini ninaweka sharti: afundishwe mzima. Tukimfundisha kama mfadhili aliyejenga jumba zuri la Mizingani na tukaishia hapo, tutakuwa tumewapa watoto nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi.

Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1823, katika jamii ya Makhoja, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, akaja Unguja angali mdogo. Akaajiriwa kwa Ladha Damji, msimamizi wa forodha kwa niaba ya nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Zama hizo Sultani alikuwa akiikodisha forodha: tajiri humlipa kiasi cha mwaka walichokubaliana, kisha ushuru wa bandarini anaukusanya yeye. Mwenye forodha ndiye aliyekuwa na taslimu, na mwenye taslimu hukimbiliwa na kila mtu, hata kasri ya Sultani. Katika miaka ya 1870, Sayyid Barghash akiwa kitini, forodha hiyo ikaja mikononi mwa Tharia mwenyewe.

Benki kama tunazozijua leo zilikuwa hazijafunguliwa Unguja. Benki ilikuwa ni mtu. Mfanyabiashara anayetaka kwenda bara akimwendea tajiri, anapewa merikani (kitambaa cha pamba), ushanga na masango (waya wa shaba) kwa mali kauli, yaani kwa mkopo wa kuaminiana, naye anaahidi kuleta pembe za ndovu atakaporudi. Kwa kawaida bei ya mkopo ilikuwa juu ya bei ya taslimu, na humo ndimo mlimokuwa na faida ya mkopeshaji. Lakini faida hiyo aliingoja kwa muda mrefu mno. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ya pembe, alikopeshwa na Tharia, na katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili anamtaja mara kadhaa. Safari yake ndefu ilimweka bara kiasi cha miaka 12 mpaka aliporejea Unguja mwaka 1882. Hebu fikiri: mali yako imeshafika upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, hakuna simu, barua inabebwa na mtu wa miguu, na dhamana kubwa uliyonayo ni kumjua mkopaji, kabila lake, baba yake, na alivyolipa deni lililotangulia. Kazi hiyo ilitaka akili na moyo, na mimi naiheshimu.

Sasa lile ambalo watu hulipita haraka. Pembe zile zilishuka pwani mabegani mwa watu, na si wote waliozibeba kwa hiari. Tippu Tip alifanya biashara ya watumwa vilevile. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hapa kwetu mpaka 1897, na mashamba ya karafuu ndiyo yaliyokuwa yakiendeshwa nao. Tajiri aliyekopesha misafara alikuwa sehemu ya mambo hayo, hata kama yeye binafsi alikaa ofisini akiandika hesabu. Sisemi haya kumvunjia heshima marehemu. Nasema kwa sababu katika darasa lolote la Unguja au Pemba hukosi mtoto ambaye bibi wa bibi yake aliletwa kwa misafara ile, na mtoto huyo ana haki ya kujua fedha ilipita wapi kabla ya kugeuka sadaka.

Na sadaka ilikuwa kubwa kweli. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali kwa ajili ya watu wasiojiweza, ndilo jumba lile la Mizingani. Mafundi wakaletwa kutoka India, na mbao za zile roshani zikachongwa kwa ustadi ambao hadi leo humsimamisha mpita njia. Malkia akampa cheo cha Sir. Lakini Tharia hakuliona jumba hilo likikamilika. Alifariki Bombay mwaka 1891, na mjane wake ndiye aliyeuendeleza ujenzi mpaka ukamalizika, mwaka 1894.

Hata hapo bado halikuwa mahali pa kutibia watu kama alivyokusudia. Mwaka 1900 jengo likanunuliwa kwa mali ya Haji Nasser Nurmohamed, wa jamaa ya Ithnaasheri (Mashia wa Maimamu kumi na wawili), na hapo ndipo ikafunguliwa dispensari ya hisani chini, daktari akiishi humo humo, na orofa za juu zikagawiwa kuwa makaazi. Kwa hiyo mgonjwa aliyepata dawa pale aliipata kwa juhudi za watu watatu: mmoja alianza, mwengine akamaliza, wa tatu akafungua mlango. Kwetu sisi tuliozoea wakfu jambo hili si geni. Mtu anaweka wakfu duka au minazi yake kwa ajili ya msikiti, lakini asipopatikana msimamizi mwaminifu wa kukusanya kodi na kuziba paa, baada ya miaka michache panabaki kuta. Jengo lenyewe lilishaelekea huko. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilichakaa vibaya, na lisingesimama leo kama taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni isingelikarabati katika miaka ya 1990.

Kinachoniuma zaidi ni huyo mjane. Jina la mume lina cheo, jina la Haji Nasser lilikaa na dispensari, yeye hutajwa kama "mke wa marehemu" tu, ilhali bila yeye pangebaki msingi na nguzo.

Ombi langu kwa walimu wa historia ni hili: mkiwapeleka wanafunzi Mizingani, msianze na roshani. Waanzisheni bandarini, muwaeleze ushuru ulivyokodishwa na mali kauli ilivyokuwa ikitolewa. Halafu wapitisheni Mkunazini, wapaone palipokuwa soko la watumwa. Jumba liwe la mwisho, na hapo mtaje watu wote watatu.

Msomaji wenu,
Unguja