Kwa nini Xavi ni Hernández na si Creus?

SWALI: Ninatafsiri makala ya michezo kuhusu Xavi, kiungo wa zamani wa Barcelona, ambaye jina lake kamili ni Xavier Hernández Creus. Nilipomtaja mara ya pili niliandika "Creus", mhariri akalifuta na kuweka "Hernández". Jina la ukoo si huwa la mwisho? Na hiyo -ez iliyojaa katika majina ya Wahispania ni nini? Je, naweza kuiita "ubini"? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mhariri wako hakukosea. Mhispania hubeba majina mawili ya ukoo: kwa desturi la kwanza hutoka kwa baba, la pili kwa mama. Hernández ni la baba yake Xavi, Creus la mama yake. Ukifupisha, baki na la kwanza. Ukipanga orodha kwa alfabeti, mweke kwenye H. Mwanamke wa Kihispania akiolewa hubaki na majina yake yote mawili, kama wanawake wengi wa pwani yetu wanavyobaki na majina ya baba zao hata baada ya nikahi.

Sasa -ez. Hiyo ndiyo "bin" yao, ila imekaa mkiani. Fernández ni mwana wa Fernando, Rodríguez wa Rodrigo, Sánchez wa Sancho, Martínez wa Martín, Pérez wa Pedro. Hernández naye ni wa Hernando, yaani Fernando yuleyule baada ya f ya mwanzo kulegea na kuwa h katika Kihispania cha Kastilia. Kwa hiyo Fernández na Hernández ni jina moja lililopita njia mbili.

Katika Zama za Kati ubini huo ulikuwa hai, ukibadilika kila kizazi. Mfano ninaoupenda ni wa shujaa wa Kastilia aliyefariki Valencia mwaka 1099, Rodrigo Díaz de Vivar. Babu yake aliitwa Laín Núñez. Baba yake, Diego Laínez. Yeye, mwana wa Diego, akawa Rodrigo Díaz, na mwanawe akaitwa Diego Rodríguez. Vizazi vinne, ubini nne tofauti! Nasi tunaujua mtindo huo vizuri: Sultan bin Ahmad alimzaa Said bin Sultan, Said akamzaa Barghash bin Said, na Barghash akamzaa Khalid bin Barghash. Rodrigo huyo ndiye El Cid, lakabu iliyotokana na Kiarabu "sayyidi", bwana wangu. Ni asili ileile ya "Seyyid" tunayoitia mbele ya jina la Said.

Baadaye ubini ukaganda. Familia zilianza kurithisha jina moja bila kujali baba anaitwa nani, na daftari za ubatizo, ambazo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliziagiza mwaka 1563, zikalisaidia jambo hilo kukita mizizi. Majina mawili, la baba na la mama, yaliingia katika sheria ya usajili wa raia ya mwaka 1870. Ni kwa kuwa ubini uliganda ndiyo maana baba yake Xavi anaitwa Joaquim, wala si Hernando. Basi andika "jina la ukoo" unapomzungumzia Xavi, na neno "ubini" ulitumie unapoeleza asili ya jina. Mimi nashikilia tofauti hiyo kwa sababu inamsaidia msomaji asidhani kuna Hernando nyumbani kwao.

Usiongeze irabu mwishoni ukaandika "Hernandezi", na usiache alama ya mkazo. Alama hiyo inakuonyesha silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapoweka mkazo katika Kiswahili. H haitamkwi. Z ya Uhispania kwa kawaida husikika kama th ya "thelathini". Amerika ya Kusini ni s. Ñ ya Núñez ni ny ya "nyumba".

Kuna wanaojulikana kwa jina la mama. Pablo Ruiz Picasso alikuwa Ruiz kwa baba, Picasso kwa mama, na alichagua mwenyewe kusaini Picasso. Usimrudishe kuwa Ruiz. Tena tangu 2017 wasajili wa Uhispania hawatangulizi tena jina la baba moja kwa moja: wazazi ndio wanaoamua mpangilio.

Wareno ni kinyume: kwao la mama hutangulia na la baba hufunga. Katika Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro, jina la baba ni Aveiro. Na -ez kwao ni -es. Kwa hiyo akina Fernandes na Rodrigues wa Mombasa na Dar es Salaam, ambao asili yao ni Goa iliyotawaliwa na Wareno, waandikie s, bila alama ya mkazo.