Malai, Wifi na Kadi ya Kliniki

Juzi mama mmoja kaniandikia: "Dada, mwanangu ana mwaka na miezi minne, kanenepa. Nimnunulie maziwa yaliyopunguzwa mafuta?" Nilicheka, kisha nikakumbuka yaliyonikuta.

Mwanangu wa kwanza alikuwa bonge. Siku ya Idi wifi akambeba mbele ya wageni, akasema, "Huyu mnamlisha au mnamnenepesha?" Watu hoi kwa kicheko. Nami nikacheka, moyo unaniwaka. Kuanzia kesho yake, nikichemsha maziwa nayaacha yapoe, malai yakishatanda juu nayakusanya kwa kijiko hadi ukingoni mwa sufuria, namwaga. Karanga kwenye uji nikazitoa pia. Najiona mzazi msomi! Mtoto anamaliza kikombe, analilia kingine, usiku anaamka anataka kula. Miezi mitatu baadaye, kliniki, nesi akaufuata mstari wa kadi kwa kalamu: umelala. "Mama, unampa nini?" Nikamweleza. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili mpe maziwa kamili, yaani yasiyotolewa malai. Mafuta yanahitajika ubongo ukue, na vitamini A haisharabiwi vizuri bila mafuta. Tena yanashibisha.

Mwaka 2020 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti 28 zenye watoto karibu 21,000. Waliokunywa maziwa kamili walikuwa na uwezekano pungufu, kama asilimia 40, wa kuwa na uzito uliozidi. Ila msishangilie mapema. Tafiti zile ziliangalia tu nani anakunywa nini, na mzazi anayepunguza mafuta mara nyingi ndiye ambaye mtoto wake kanenepa tayari. Mimi huyo! Huko Australia watoto wa miaka 4 hadi 6 walipogawiwa, wengine maziwa kamili, wengine yaliyopunguzwa, kwa miezi mitatu, unene haukutofautiana.

Kwa hiyo mama, acha malai. Hangaika na soda, na sukari unayomimina kwenye chai yake. Nusu lita ya maziwa kwa siku yatosha; akizidisha atakataa chakula, damu ipungue. Akivuka miaka miwili na uzito bado unapanda kupita kiasi, mpeleke akapimwe, usisikilize midomo ya ukweni. Nasema tena: usisikilize!

Wifi naye kajifungua. Wiki iliyopita kaniuliza maziwa nanunua kwa nani. Namba ya muuzaji nimempa. Habari ya malai sijamgusia.