Mume wangu amekataa kuniombea kadi ya mkopo

"Shangazi, mume wangu ana kadi ya mkopo lakini amekataa kuniombea kadi ya nyongeza. Mwaka jana aliniachia yake wiki moja, nikanunua vitu vya nyumbani na kiatu kimoja, nikatoa na fedha kidogo kwenye mashine, na hadi leo ananuna. Nadhani hanipendi tena. Je, niombe yangu bila yeye kujua?"

Mwanangu, pole kwa kununiwa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale ulipopita mbio: "nikatoa na fedha kidogo kwenye mashine". Hapo ndipo ulipo ugomvi wenu, wala kiatu hakihusiki (ingawa viatu huuzwa kwa jozi, hivyo hata hesabu zako nazitilia shaka).

Kadi ya mkopo humfaa anayenunua leo, akaletewa taarifa ya mwezi, akalipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa; huyo, kwa kadi nyingi, hatozwi riba hata senti moja, na fedha zake hukaa mkononi mwake wiki kadhaa zaidi. Fedha taslimu hazina fadhila hiyo. Ukizitoa, kwa kawaida benki hukata ada papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku ile ile. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwezi, deni lililoachwa mwaka mzima huvimba kwa zaidi ya asilimia 42. Mumeo ndiye aliyeibeba riba hiyo, nawe hukuitaja hata kwa nusu mstari.

Tena, kadi ya nyongeza huandikwa jina lako, lakini deni lake humwangukia mwenye akaunti. Dawa ya deni ni kulipa, na mlipaji hapa ni yeye. Niko upande wake, wala sioni haya kusema hivyo.

Hata hivyo, sisemi ukae bila kadi. Muuzaji wa mtandaoni akipokea malipo asilete mzigo, unaweza kuiomba benki iyapinge malipo hayo. Mwizi akiitumia kadi yako nawe ukatoa taarifa mara moja, kinachotikisika kwanza ni fedha za benki, akiba yako ikiwa salama. Na ukilipa kwa wakati, unajijengea rekodi itakayokufaa siku utakapoomba mkopo mkubwa.

Basi omba yako, kwa kipato chako. Benki itataka kitambulisho, uthibitisho wa makazi na hati za mshahara au taarifa za akaunti za miezi ya karibuni, kisha itachungulia rekodi yako ya mikopo. Kama huna rekodi, ulizia kadi ya dhamana, ambayo unaweka amana nayo ndiyo inayopanga kikomo chako cha kukopa. Soma riba na ada ya mwaka kabla ya kutia saini. Kile kiwango cha chini cha kulipa kila mwezi usikizoee, maana utaendelea kulipia viatu ambavyo soli zake zimekwisha kutoboka.

Kuhusu kuomba kwa siri, sikubali. Ndoa za siku hizi zina namba za siri nyingi kuliko mazungumzo, kisha watu hushangaa mdai wa benki anapopiga simu wakati wa chakula cha jioni. Mwambie mumeo kabla hujagusa fomu, na siku hiyo umrudishie kwanza ile ada na riba ya mwaka jana.