Asilimia si tani: kwa mnaokuja Lindi na Mtwara kupima kaboni ya udongo kwenye malisho

Wadogo zangu, nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nimeliona tena kwenye ripoti mbili za wanafunzi niliopewa kusoma mwaka huu.

Kulikuwa na mama mmoja mfugaji, chini ya mteremko wa uwanda wa juu wa Rondo mkoani Lindi, mwenye ng'ombe chotara wanane wa maziwa. Malisho yake yalipakana na kipande cha msitu ambacho ukoo haukukigusa. Nilichimba pande zote mbili, sentimita 0 hadi 30, nikapeleka sampuli maabara. Nazinyoosha kidogo namba ili hesabu ionekane: msituni kaboni ilikuwa asilimia 1.5, kwenye malisho asilimia 1.4. Uzito wa udongo kwa ujazo ulikuwa gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo msituni na gramu 1.4 kwenye malisho, kwa maana ng'ombe wameukanyaga miaka mingi. Hesabu ya kitabuni ni nyepesi: zidisha asilimia kwa uzito kwa ujazo, kisha kwa kina cha sentimita, unapata tani kwa hekta. Msitu ulitoka tani 54. Malisho yakatoka tani 58.8.

Nikamwambia mama kwamba malisho yake yameongeza karibu tani 5 za kaboni kwa hekta. Alifurahi, na kwenye mkutano wa kijiji akasimama akaeleza kwamba kufyeka msitu na kuotesha majani hakuharibu ardhi. Baadhi ya watu wakamsikiliza kwa makini, maana nao wana vipande vya msitu.

Msimu uliofuata msimamizi wangu akaniuliza swali moja tu: "Hizo sentimita 30 zako zina tani ngapi za udongo?"

Kaeni na swali hilo. Msituni, sentimita 30 zenye gramu 1.2 ni tani 3,600 za udongo kwa hekta. Kwenye malisho, sentimita 30 zilezile ni tani 4,200. Kwato zimeushindilia udongo, kwa hiyo ukichimba kina kilekile unabeba tani 600 za ziada, na hizo zimetoka chini, kwenye udongo ambao zamani ulikuwa nje ya kipimo chako. Nilikuwa nalinganisha debe lililojaa pomoni na debe lililolegea. Ukichukua tani 3,600 za malisho, yaani kama sentimita 25.7 za juu, kaboni yake ni tani 50.4. Malisho hayakuongeza 4.8. Yalipoteza 3.6.

Namba moja imegeuka kutoka jumlisha kuwa toa, na hakuna aliyekosea kuzidisha.

Kwa hiyo msichimbe shimo moja la sentimita 30 mkalichanganya lote kwenye mfuko mmoja. Chukueni tabaka kwa tabaka: 0 hadi 10, 10 hadi 20, 20 hadi 30, na ongezeni 30 hadi 40 hata kama mwongozo mliopewa unaishia 30. Kila tabaka lipimwe uzito wake. Hapo ndipo mtaweza kulinganisha uzito sawa wa udongo badala ya kina sawa. Hesabu yangu ya 50.4 yenyewe imechukulia kwamba kaboni imeenea sawasawa toka juu hadi chini, jambo ambalo si kweli. Huku juu ndiko kwenye nyingi, na bila tabaka huwezi kulirekebisha. Tena duniani kwa ujumla karibu nusu ya kaboni iliyomo kwenye mita moja ya udongo iko chini ya sentimita 30. Anayepata fedha ya kwenda mita moja, aende.

Mtakutana na machapisho yanayopingana, msichanganyikiwe. Guo na Gifford, mwaka 2002, walikusanya tafiti nyingi za dunia wakapata kwamba msitu ukigeuzwa malisho kaboni ya udongo huongezeka kwa wastani wa asilimia 8. Don na wenzake, mwaka 2011, wakiangalia nchi za joto peke yake, walipata kwamba msitu wa asili ukigeuzwa nyasi kaboni hupungua kwa asilimia 12, na ukigeuzwa shamba la mazao ya msimu hupungua kwa asilimia 25. Hizo ni wastani wa mahali pengi penye mvua, udongo na ufugaji tofauti. Usichukue hata moja ukaipandikiza Nachingwea. Kazi yako ni kujua shamba lililo mbele yako limepitia nini.

Na hapa ndipo wageni wengi wanaponikatisha tamaa, kwa sababu wanafika na auga (kekee ya kutobolea udongo), mizani na simu yenye ramani, lakini hawana muda wa kukaa mkekani.

Huku kwetu msitu haugeuki malisho moja kwa moja. Kwanza hufyekwa na kuchomwa, ukapandwa ufuta msimu mmoja au miwili, kisha muhogo, labda na mbaazi, na udongo ukichoka ndipo unaachwa, majani yanaota au yanaoteshwa. Kwa hiyo kaboni unayoikosa leo huenda iliondoka miaka ile ya jembe, na nyasi unazozilaumu ndizo zinazoirudisha pole pole. Bila historia hutajua kama malisho yanapanda au yanashuka, utaona tu kwamba yako chini ya msitu.

Ukimuuliza mzee "Hapa pamefyekwa lini?" atakujibu "Zamani." Amekujibu sawasawa, swali ndilo baya. Mwulize kwa vitu anavyovikumbuka. Wazee kabisa watakupa kimbunga cha 1952 kilichopiga Lindi. Nachingwea watakupa mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ambao mabuldoza yake yalifyeka pori ambalo hadi leo ukitazama vizuri unaona mpaka wake. Wengine watakupa Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, wengine mvua za El Niño za 1997 na 1998, wengine walivyoingia wafugaji waliotolewa Usangu mwaka 2006 na 2007. Na swali lililonisaidia kuliko yote nilifundishwa na bibi mmoja wa Kimwera. Alinisikia nikihangaika na miaka, akanikatiza: "Mwanangu, niulize nilipokuwa napalilia ufuta hapa, mgongoni nilikuwa na mtoto gani." Mtoto huyo ana cheti cha kuzaliwa. Tukapata mwaka.

Anza na shikamoo, na usimalizie kwa mwenye ng'ombe peke yake. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ardhi kwa desturi imefuata upande wa mama, hivyo mjomba anaweza kuijua historia ya kipande kuliko mume anayekifuga leo. Nimewahi kupewa umri wa shamba uliopishana miaka kumi na mbili kati ya mume na mjomba wa mke. Mjomba ndiye aliyekuwa sahihi, kisiki cha mvule kilikuwepo kumtetea.

Ukiwa hapohapo, uliza kwa nini kipande kile cha msitu kimebaki. Swali hili halimo kwenye fomu na linaokoa utafiti mzima. Watu hufyeka kwanza ardhi nzuri. Msitu unaobaki mara nyingi uko kwenye mwinuko mkali, kwenye mawe, kwenye makaburi au mahali pa matambiko. Ukiufanya kuwa picha ya malisho yalivyokuwa zamani, huenda unalinganisha ardhi mbili ambazo hazijawahi kufanana. Chimba pande zote mbili hadi sentimita 60, chukua udongo wa chini, uloweke, uviringishe kiganjani. Kama upande mmoja unakunjika kama kamba na mwingine unasambaratika, tafuta jozi nyingine, hata kama umeshalipa bodaboda ya siku nzima.

Sasa kuhusu silinda ya chuma ya kupimia uzito kwa ujazo, maana hapa ndipo mikono inaposhinda vitabu. Kwenye mchanga wa pwani ya Mtwara na sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, ukienda Septemba utaigongea silinda vizuri, utaiinua, na mchanga wote utamwagika mguuni kwako. Kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi mwezi huohuo, silinda itaingia kwa kishindo na udongo ndani yake utapasuka kama tofali. Njoo mvua zinapokata, mwishoni mwa Aprili au Mei, udongo ukiwa bado na unyevu. Weka kipande cha ubao juu ya silinda, gonga taratibu, simama ikiwa sawa na uso wa ardhi. Kisha inama kabisa uangalie: udongo ulio ndani ya silinda uko sawa na wa nje? Kama wa ndani umezama hata nusu sentimita, umeushindilia wewe mwenyewe kwa nyundo. Umwage, uhame hatua moja, uanze upya. Chimbua pembeni kwa panga, pitisha mwiko mpana chini, inua, kata kingo kwa kisu. Ukiona mzizi mnene umepita katikati, huo nao umekula nafasi ya udongo.

Sampuli ya uzito inakaushwa kwenye ovena nyuzi 105 kwa saa 24. Ile ya kaboni ikaushwe kivulini, ichekechwe kwa wavu wa milimita 2, mizizi ikitolewa kwa mkono.

Majibu ya maabara yakirudi, soma kichwa cha safu kabla ya namba. Maabara nyingi bado zinatumia njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934, ambayo haichomi kaboni yote, inakamata kama asilimia 77, ndiyo maana kuna kizidisho cha karibu 1.3. Uliza kama kimeshawekwa. Uliza pia kama namba ni ya kaboni au ya mboji yote, kwa sababu kuna mazoea ya kuzidisha kaboni kwa 1.724 ili kupata mboji. Ukichukua mboji ukadhani ni kaboni, utajirisha ardhi ya watu kwenye karatasi kwa asilimia 72. Na kama maabara yako inatumia mashine ya kuchoma sampuli, angalia ardhi ya Kilwa, Mikindani na kote penye mawe ya matumbawe. Chokaa ya matumbawe nayo ina kaboni, na mashine haitofautishi. Dondoshea asidi hafifu, ukiona povu, chokaa ipo, iondolewe kwanza.

Mkaa ni tatizo gumu zaidi. Miombo ya huku huungua karibu kila kiangazi, na chembe za mkaa hukaa udongoni miaka mingi mno. Zioneni kwenye chekecheo na mziandike, angalau msomaji ajue.

Wenye bahati ya kupima isotopu, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito wa atomu, watataka kutenganisha kaboni ya miti na ya nyasi, kwa kuwa miti huwa karibu na −27 kwa elfu na nyasi zetu za joto karibu na −12. Njia ni nzuri kwa msitu uliofunga kama wa Rondo. Kwenye miombo, ambako chini ya miti kumekuwa na nyasi siku zote, udongo wa "msitu" wenyewe haujawahi kuwa −27. Pima kilichopo, usikichukue kitabuni.

Msichimbe tu katikati ya malisho palipo pazuri. Ng'ombe wa maziwa hula kote lakini kinyesi hawakigawi sawa. Hukiacha langoni, kwenye maji, chini ya mwembe wakati wa jua kali, na zaidi bandani usiku. Gawa malisho kwa maeneo hayo, kila moja lipate sampuli zake kulingana na ukubwa wake, na vichuguu viandikwe peke yake. Kwa wanaokata majani na kuwapelekea ng'ombe bandani, fuata samadi inakwenda wapi. Ikiuzwa kwa wenye bustani za mchicha, kaboni ya malisho inapanda mkokoteni kila wiki.

Na hata mkikuta udongo wa malisho umeongeza kaboni, tafadhali msimwambie mtu kwamba malisho yamefidia msitu. Karibu nusu ya uzito mkavu wa mti ni kaboni, na ile iliyochomwa siku ya kufyeka haimo kwenye silinda yako. Wala komba wa Rondo, ambaye duniani anaishi kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, hamo kwenye silinda hiyo.

Nilirudi kwa yule mama na karatasi mpya. Nilimweleza mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa nilikuwa nimemfanya aseme mbele ya kijiji. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza samadi iliyorundikana nyuma ya banda aipeleke wapi kwanza. Tukatembea wote hadi pembe ya magharibi, ambako majani yalikuwa membamba na ardhi inagongeka kama sakafu. Nilipigilia nondo nne fupi pale ili tupime mahali palepale kila baada ya miaka mitano, kwa sababu mabadiliko ni madogo kwa mwaka na kipimo cha mwaka mmoja humezwa na makosa ya maabara. Mama akachana kipande cha kanga kuukuu, akafunga kila nondo ili mkata majani asiharibu panga lake. Atakayekwenda kupima zamu ijayo ahesabu hatua kumi na mbili kutoka kwenye mkwaju, akielekea bonde la mto. Nondo mbili zimeshafunikwa na majani.