Pikapu inavuta paundi 11,000, mbona trela la 8,600 limezidi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Houston na mke wangu na watoto watatu. Nina Ford F-150 ya milango minne, injini ya EcoBoost ya lita 3.5. Kiangazi hiki tunataka kwenda Colorado, na nimepata trela la kulala la futi 30, lililotumika, la mwaka 2018. Muuzaji anasema likiwa tupu lina paundi 6,600, na gari langu linavuta 11,000, kwa hiyo nabaki na akiba kubwa. Ubavuni mwa trela imeandikwa GVWR 8,600. Kwenye mlango wa gari kuna stika inayosema 1,610. Rafiki yangu dereva wa lori ananiambia nisisaini. Nimsikilize nani? Na nikifunga mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, si nitakuwa nimemaliza?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Msikilize rafiki yako. Muuzaji hajakudanganya, ila amekutajia namba inayomfaa yeye.

Ile 11,000 inatokana na jaribio la SAE J2807, la chama cha wahandisi wa magari, ambalo makampuni ya pikapu huku Marekani yanalifuata. Katika jaribio hilo ndani ya gari wanahesabiwa dereva na abiria mmoja tu, kila mmoja paundi 150, na uzito ambao ulimi wa trela (ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari) unauegemeza kwenye boli ya kuvutia, yaani lile tufe la chuma nyuma ya gari, unachukuliwa kuwa asilimia 10 ya trela zima. Hakuna watoto watatu wala jenereta, na hakuna baiskeli nyuma. Gari linapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona wakati wa joto kali, kuona kama injini na giaboksi vitahimili. Kwa kazi hiyo gari lako ni zuri kweli. Injini si tatizo lako hata kidogo.

Tatizo lako liko mlangoni. Ile 1,610, kama kilo 730, ni jumla ya kila kitu kinachoruhusiwa kukaa juu ya gari: watu, mizigo, kiungio cha kuvutia chenyewe, na ulimi wa trela. Ndiyo, ulimi wa trela ni mzigo wa gari, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Tupige hesabu. Trela la kulala linalovutwa kwa boli linatakiwa kuegemeza mbele asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mimi huchukua 13. Na sianzii kwenye 6,600, naanzia kwenye 8,600, ile GVWR, yaani kikomo cha uzito wa trela pamoja na mzigo wake, kwa sababu uzito wa kwenye karatasi ya muuzaji mara nyingi hauna betri, hauna gesi kwenye mitungi, na hauna hata tone la maji. Galoni 40 za maji safi peke yake ni zaidi ya paundi 330. Weka vyombo, magodoro, nguo, chakula cha watu watano, na mkaa wa nyama choma (nawajua Watanzania wa Houston), utaona trela linavyoikaribia ile 8,600 bila mtu kushtuka.

Asilimia 13 ya 8,600 ni kama 1,118. Uzito wenu siujui, lakini tuseme kwa paundi wewe 200, mama 170, na watoto wote watatu 210: hiyo ni 580. Kiungio cha kusawazisha uzito, nitakieleza hapa chini, ni kama 90. Jenereta, boksi la barafu na takataka nyingine nyuma ya pikapu, 150. Jumla ni 1,938. Umeupita mlango kwa paundi 328, na bado mkwe hajasema naye anakuja.

Kinachoniogopesha zaidi ya jumla hiyo ni mahali uzito unapokaa. Boli iko nyuma sana ya ekseli, kwa hiyo ulimi haukandamizi nyuma tu, unainua na mbele. Ni kama baiskeli iliyofungwa mkungu wa ndizi nyuma kabisa: gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hauna adabu. Kwenye pikapu ya urefu wa yako, ulimi wa paundi 1,118 unaweza kuondoa paundi 400 na zaidi kwenye tairi za mbele, zilezile unazozitegemea kugeuza gari na kulisimamisha.

Dawa ya hapo ni kile kiungio chenye vyuma viwili vya springi, ambacho kinarudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele na nyingine kwenye ekseli za trela. Kwa trela la ukubwa huu hilo halina mjadala. Chungulia chini ya bampa yako ya nyuma, kuna kibandiko kwenye chuma cha kuvutia chenye safu mbili za namba: moja bila kiungio hicho, nyingine ukiwa nacho. Ya kwanza ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Namna ya kukifunga: chukua tepu, pima kutoka chini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi ya mbele kabla ya kufunga trela, kisha pima tena trela likiwa limekaa kwenye boli. Mbele itakuwa imepanda. Kaza vyuma mpaka ishuke kiasi ambacho kitabu cha gari lako kinataka. Usikisie, kila kampuni ina kipimo chake, na kukaza kupita kiasi nako kunaifanya nyuma iwe nyepesi na iteleze. Lakini kiungio hiki nacho hakibadilishi namba ya mlangoni.

Mifuko ya hewa ndiyo kabisa. Inainua nyuma ya gari ili lionekane limekaa sawa, basi. Ekseli ni ileile, ringi, tairi, fremu na breki ni zilezile, na mbele bado ni nyepesi. Kwangu mimi ubaya wake ni kwamba inaficha dalili.

Kuna watakaokushauri upange mizigo nyuma ya trela ili kupunguza uzito wa ulimi. Usithubutu! Ulimi ukiwa mwepesi, trela linaanza kupiga mkia, hasa lori kubwa likikupita au ukiwa unateremka. Mizigo mizito, kama asilimia 60, ikae mbele ya ekseli. Angalia pia tangi la maji liko wapi, kwani kulijaza au kulimwaga kunabadilisha ulimi. Na likianza kuyumba ukiwa barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani unyooke bila kupambana nao, na vuta kwa mkono kile kitufe cha dashibodini cha breki za trela pekee. Ukikanyaga breki za gari, trela linakusukuma na kukukunja.

Breki zenyewe zipime kabla ya safari, kwenye uwanja mtupu, mwendo wa maili 20 au 25 kwa saa: vuta kile kitufe, trela linatakiwa kulikokota gari nyuma bila tairi zake kukwama. Kule Colorado barabara ya I-70 inapita kwenye handaki la Eisenhower, futi zaidi ya 11,000 juu ya usawa wa bahari. Turbo itakupandisha. Kuteremka ndiko kazi, na huko unaingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, siyo baada ya kusikia harufu ya breki.

Hesabu zangu ni makisio. Ukweli uko kwenye mizani. Rafiki yako anaijua mizani ya CAT iliyopo kwenye vituo vya malori. Kama umewahi kusubiri foleni ya mizani ya Kibaha utacheka, hapa unajipeleka mwenyewe na kulipa. Pima mara tatu, familia ikiwa ndani: kila kitu kikiwa kimefungwa na vyuma vimekazwa, kisha vyuma vimelegezwa, kisha gari peke yake. Ekseli mbili za gari katika kipimo cha pili, ukitoa uzito wa gari peke yake, unapata ulimi wako halisi. Linganisha pia uzito wa kila ekseli ya gari na kile inachoruhusiwa kubeba, namba hizo ziko palepale mlangoni.

Kwa gari ulilo nalo, tafuta trela ambalo GVWR yake iko kati ya 6,000 na 7,000. Ukitaka linalozidi 6,000, hamishia jenereta na boksi la barafu kwenye trela, bila kuipita GVWR yake. Ukiling'ang'ania hilo la 8,600, basi panda hadi F-250 au Ram 2500, na usikimbilie dizeli kwa sababu ya sifa. Injini ya dizeli ni nzito, na baadhi ya pikapu za daraja hilo zimewekewa kikomo cha paundi 10,000 kwa gari na mzigo wake, kwa hiyo ya petroli inaweza kubeba zaidi. Fungua mlango wa gari lenyewe unalolinunua, siyo la jirani yake pale yadi.

Na kwa kuwa trela ni la 2018, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye tairi. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za zamani hivyo, hata kama hazijawa kipara, zitoke zote. Baadhi ya tairi za trela, zile zenye herufi ST, zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, na Texas utaona vibao vya 75. Hivyo vibao waachie wenye magari matupu.